Mlinzi asiye na likizo: Jinsi ya kumtunza mbwa wa stoo Endiinzi, Nakivale na Mbarara

ENDIINZI, Isingiro. Anayenunua mahindi, maharage au ndizi katika vijiji vinavyouzunguka mji huu mdogo wa kusini-magharibi mwa Uganda hujua mambo mawili: bei nzuri hupatikana alfajiri, na mzigo hupotea usiku. Ndiyo maana nyuma ya stoo nyingi, kuanzia hapa hadi masoko ya Base Camp, Juru na Rubondo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na hadi Mbarara ambako malori hupakia, kuna mbwa. Hana mkataba, hana mshahara wala likizo, lakini ndiye anayebaki macho wenye mali wakilala.

Mfanyabiashara huhesabu gharama ya magunia, turubai, mizani, lori na ushuru. Mbwa hamhesabu. Humtupia posho iliyobaki, humfunga mnyororo, kisha humsahau hadi siku atakapomuuma mteja au mtoto wa jirani. Siku hiyo ndipo hesabu huja yote kwa pamoja: nauli ya kwenda hospitali, chanjo ya aliyeumwa, ugomvi wa majirani, na pengine uhai wa mtu.

Makala haya yanahusu namna ya kuikwepa siku hiyo. Mbwa aliyechanjwa, aliyeshiba chakula safi, asiye na kupe wala minyoo na asiyepigwa ovyo hulinda vizuri zaidi na hudumu miaka mingi. Na kwa kuwa biashara yetu huvuka mipaka, afya ya mbwa huyo si jambo la boma moja tu.

Embwa, imbwa, mbwa

Nakivale ni mojawapo ya makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa watu waliotoka Rwanda, na leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Nchi wanazotoka zimo karibu zote katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwani Kongo iliingia mwaka 2022 na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Katika soko moja utasikia mnyama huyu akiitwa embwa kwa Kinyankore, imbwa kwa Kinyarwanda na Kirundi, na mbwa kwa Kiswahili. Jina ni karibu lile lile, ila desturi za kumfuga zinatofautiana.

Mfugaji wa Ankole humtaka mbwa afuatane na ng'ombe. Mkulima humtaka afukuze ngedere na nguruwe pori shambani. Mwenye duka humtaka abweke usiku. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, wakiwemo Wasomali wengi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hata hivyo, kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au mifugo kunaruhusiwa. Kwa hiyo ukiwa na jirani au mteja Mwislamu, mfunge mbwa wako wakati wa biashara, mweke mbali na mahali pa kuswalia, na usimruhusu kunusa bidhaa za watu. Hiyo ni heshima, na tena ni biashara nzuri.

Ugonjwa usiopona

Jambo la kwanza katika afya ya mbwa ni kichaa cha mbwa. Huu ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya jeraha, mara nyingi la meno. Virusi hivyo husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu dalili huonekana kwa kawaida baada ya miezi 2 hadi 3, ingawa zaweza kuja baada ya wiki moja au baada ya mwaka mzima. Zikishaonekana, tiba haipo, na karibu kila mgonjwa hufa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika. Katika kila vifo 100 vya binadamu, 99 hutokana na mbwa. Karibu watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto humkaribia mbwa bila hofu, huumwa usoni au mikononi, na wakati mwingine haambii mtu kwa kuogopa kuchapwa.

Mbwa mgonjwa hubadilika tabia kwanza. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huweza kuwa mnyonge na kujificha. Huuma vijiti, mnyororo au hewa tupu. Sauti ya kubweka hubadilika, mate hutiririka, taya hulegea na kumeza kunamshinda. Hapa ndipo wengi hukosea: humwona kama mbwa aliyekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono mdomoni kumsaidia. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mahali pasipofikika na umwite daktari wa mifugo.

Mfanyabiashara wa mifugo na awe macho pia. Ng'ombe, mbuzi na punda wakiumwa na mbwa mwenye kichaa nao huugua. Ng'ombe anayelia ovyo bila kukoma, anayetoa mate mengi na kushindwa kumeza si wa kununuliwa kwa bei ya kutupa, si wa kuchinjwa, na si wa kuchunguzwa koo kwa mkono mtupu.

Somo kutoka Pemba

Wapo wanaosema ugonjwa huu hauwezi kuisha Afrika kwa sababu mbwa ni wengi na hawana wenyewe. Kisiwa cha Pemba kimeonyesha vinginevyo, na kisa chake kinawahusu sana watu wanaovuka mipaka.

Kuanzia mwaka 2010 watafiti na maofisa wa mifugo na afya walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo, kila aliyeumwa na kila mbwa aliyeshukiwa, huku mbwa wakichanjwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka. Kadiri chanjo ilivyofanywa vizuri zaidi, idadi ya mbwa wagonjwa, watu walioumwa na vifo ilipungua. Kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika kabisa.

Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani, mara mbili, na ugonjwa ukalipuka upya. Ilibidi kuanza tena kuchanja kisiwa kizima, na mnamo Oktoba 2018 ukatokomezwa kwa mara ya pili.

Pemba imezungukwa na bahari, na bado ugonjwa ulipita. Isingiro haina bahari. Ina mto Kagera, njia za panya, malori, bodaboda, na watu wanaohamia na kuhama pamoja na wanyama wao. Mbwa mmoja aliyepakiwa juu ya magunia bila chanjo anaweza kuirudisha kijijini kazi ya miaka minne. Na mbwa anayeachwa nyuma familia inapohama huwa mbwa koko, hula jalalani, hupigana na wenzake, na huwa wa kwanza kuambukizwa. Ukihama, mkabidhi mbwa wako kwa mtu aliyekubali kumlea, pamoja na kadi yake ya chanjo.

Wataalamu wanasema ukichanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Hii ina maana kwamba huhitaji kuwaua mbwa wa mtaani, bali kuwachanja. Kuua hakujasaidia popote, kwani mbwa wengine huja kushika nafasi ya waliouawa, na mara nyingi wanaouawa ni wale waliokwisha kuchanjwa.

Kuchanja: lini na kwa nani

Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akifikisha miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kila mwaka au kama kadi na daktari watakavyoelekeza. Katika kampeni za halmashauri hata watoto wa mbwa wadogo zaidi huchanjwa, hivyo usimwache nyumbani ukidhani hajafikia umri.

Muone ofisa wa mifugo wa wilaya ya Isingiro au wa kata yako, au daktari wa mifugo mwenye leseni mjini Mbarara. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huwa na chanjo karibu na siku hiyo. Majirani wenye mbwa kumi wakimwita daktari siku moja, gharama ya safari yake hugawanywa.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, chanjo ni mali ya baridi. Hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, hadi inapochomwa. Kichupa kilichokaa rafuni juani, au kilichovushwa mpaka mfukoni, kinaweza kuwa maji tu. Usinunue ili umchome mwenyewe. Pili, dai kadi. Iandikwe tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, sura ya mbwa, sahihi na muhuri. Kadi hiyo itakusaidia mpakani, na itakusaidia zaidi siku mbwa wako atakapomuuma mtu.

Muulize pia daktari kuhusu chanjo ya pamoja inayozuia parvo na distempa. Parvo huua watoto wa mbwa kwa siku chache, kwa kutapika na kuharisha damu, na virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi. Chanjo hiyo huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4, hadi afikishe wiki 16. Kama umempoteza mtoto wa mbwa kwa ugonjwa huo, usilete mwingine asiyechanjwa kwenye uwanja ule ule.

Ukiumwa: sabuni, maji, dakika 15

Hapa ndipo uhai huokolewa au hupotea. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, paka au mnyama mwingine anayeshukiwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, hivyo tazama saa. Sabuni huua virusi. Baada ya hapo paka spiriti au ayodini na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala tindikali ya betri. Jiwe jeusi linalotumiwa na wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi halivuti virusi hivi. Linavuta muda tu, na muda ndio ulio adimu.

Chanjo ya binadamu huchomwa siku ya kuanza, kisha siku ya 3, ya 7, na siku nyingine atakazoelekeza mhudumu. Wenye majeraha yaliyotoboa ngozi huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa ndani ya kidonda. Si kila kituo kina chanjo hizi, kwa hiyo piga simu kabla ya kusafiri. Kama kituo cha karibu hakina, hospitali ya rufaa ya Mbarara ndiyo kubwa zaidi katika eneo hili. Ukishaanza dozi, maliza. Mfanyabiashara aliyechomwa sindano ya kwanza Mbarara kisha akaelekea Bukoba au Goma na abebe kadi yake ili aendelee huko aendako.

Na mbwa aliyeuma? Kama ni mzima na ana mwenyewe, usimuue. Mfungie na umtazame kwa siku 10 chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kama alikuwa na virusi mateni siku aliyouma, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akibaki mzima, kila mtu atapumua. Lakini aliyeumwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitali. Aanze matibabu mara moja.

Mahindi yaliyokataliwa sokoni

Wengi hapa humlisha mbwa posho na mukene. Si chakula kibaya, ila kina mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni ukungu. Wafanyabiashara wa nafaka hawajasahau Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Gunia likikataliwa, mtu husema: basi hili ni la mbwa. Sumukuvu huharibu ini, na ini la mbwa huidhurika upesi sana. Mbwa huacha kula, hutapika, macho na fizi zikawa za manjano, kisha hufa, na mwenyewe hudhani amerogwa au amelishwa sumu na wezi. Kupika hakuiondoi sumu hii. Mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai mbwa.

La pili ni uwiano. Posho tupu hushibisha bila kujenga mwili. Changanya na mukene waliooshwa chumvi na mchanga, mabaki ya nyama yaliyopikwa, yai, au maharage yaliyoiva kabisa. Mbwa mzima hutosheka na milo miwili kwa siku, na mtoto wa mbwa mitatu au minne. Kwa mbwa wa ulinzi, mpe mlo mkubwa jioni mapema ili ifikapo usiku wa manane awe mwepesi.

La tatu ni vitu vya kuepuka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo. Vitunguu huharibu damu yake. Chokoleti na pombe ni sumu kwake. Na maji safi yawepo saa zote, hasa kiangazi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, hupoa kwa kuhema, na kuhema kunamaliza maji.

Kupe, minyoo na dawa ya ng'ombe

Isingiro na Mbarara ni nchi ya ng'ombe, na penye ng'ombe pana kupe. Kwa mbwa, kupe huleta homa, upungufu wa damu na mkojo mwekundu au wa kahawia. Mkague kila jioni ndani ya masikio, shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Mng'oe kupe kwa kibano karibu na ngozi, kisha muue kwenye maji ya sabuni. Usimponde kwa vidole.

Kosa la kawaida ni kumwogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe. Katika eneo hili kupe wengi wamezoea dawa, na wafugaji huongeza ukali au kuchanganya dawa mbili. Ngozi na uzito wa mbwa havistahimili hilo. Atatetemeka, atatoa povu, ataanguka. Tumia dawa iliyoandikwa kwa mbwa, kwa uzito wake, na uvae glavu. Kama stoo ina paka pia, jua kwamba dawa za mbwa zenye pemetrini humuua paka.

Vivyo hivyo kwa sindano. Ukanda wa mto Kagera una historia ndefu ya mbung'o, na mbwa wanaofuatana na ng'ombe hupata nagana. Dalili ni homa, kukonda, uso kuvimba, na jicho kuwa na utando wa weupe-bluu. Dawa ya diminazini inayotumika kwa ng'ombe yaweza kumtibu, lakini kwa mbwa tofauti kati ya dozi ya kuponya na ya kuua ni ndogo. Mwachie daktari apime uzito.

Minyoo ni ya nyumba nzima. Mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, na mtoto wa mbwa mara nyingi zaidi. Wanaochinja mbuzi na ng'ombe wasimtupie mbwa mapafu au maini mabichi yenye malengelenge ya maji. Ndani yake mna mabuu ya tegu mdogo ambaye akikua tumboni mwa mbwa hutoa mayai yanayomwingia mtu kwa mikono michafu na kuota uvimbe mkubwa kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu waliteswa na ugonjwa huu kiasi kwamba tangu miaka ya 1980 AMREF iliendesha kazi maalumu ya kuudhibiti. Mabaki ya machinjioni yachomwe, yafukiwe kwa kina, au yapikwe sawasawa.

Hatari zilizo ndani ya stoo

Mlinzi huyu hufa mara nyingi kwa sumu ya bosi wake. Sumu ya panya huua mara mbili: mbwa akiila yenyewe, au akila panya aliyekufa kwayo. Iweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, na okota mizoga kila asubuhi. Mbwa anayetoka damu puani au kwenye fizi siku chache baadaye awahishwe kwa daktari, kwa sababu baadhi ya sumu hizo zina dawa.

Vidonge vya kufukizia mahindi ni hatari zaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua wadudu, mbwa na watu. Usimfungie mbwa ndani ya stoo inayofukizwa, wala mlinzi wa kibinadamu, na usilale chumba kilichopakana nayo. Magunia ya mbolea na dawa za shamba nayo yasiwe godoro la mbwa. Mjengee kibanda kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini, kisichovuja, chenye kivuli, na umtandikie gunia safi unalolianika juani kila wiki.

Furaha nayo ni ulinzi

Wengi huamini mbwa mwenye njaa na hasira hulinda vizuri. Mbwa wa namna hiyo hula nyama ya mwizi na kunyamaza. Mbwa anayekupenda ndiye anayebwekea mgeni.

Mnyororo wa usiku na mchana humfanya awe mwoga na mwenye hasira, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Mfunge wakati wa wateja, kwa kamba ndefu au kwenye waya unaomruhusu kutembea, kisha mfungulie ndani ya ua usiku. Mtembeze dakika 30 asubuhi kabla soko halijafunguka. Mfundishe maneno machache kwa lugha moja: njoo, kaa, acha. Katika nyumba yenye lugha tatu, kila mtu akitumia neno lake, mbwa hamwelewi yeyote. Akitii, mpe kipande cha chakula au mguse kwa upole. Fimbo humfundisha kukukwepa tu.

Usimchukue mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kama hutaki watoto, mhasi. Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kama siku 63, hivyo jike mmoja asiyehasiwa huweza kujaza mtaa. Dume aliyehasiwa hazururi sana, hapigani sana, na bado hubweka.

Watoto nao wafundishwe: wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Mbwa wa kigeni akiwakaribia wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame kimya kama mti, mikono chini, hadi aondoke.

Kuvuka naye mpaka

Kuna wanaonunua mbwa Mbarara na kumpeleka Karagwe, au kumleta mwingine kutoka ng'ambo. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, hurahisisha ushuru na makaratasi ya bidhaa. Hauondoi masharti ya afya ya wanyama, na Uganda ina sheria yake mahsusi ya kichaa cha mbwa.

Kabla ya safari, pata kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi unayokwenda, na cheti cha afya kutoka kwa ofisa wa mifugo wa serikali unakotoka. Beba kadi ya chanjo. Kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza, panga karibu mwezi mmoja kabla ya kuondoka, kwani kinga haijengeki siku moja. Pita kwenye kituo rasmi, kama Mutukula, penye kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Novemba 2017, au Kikagati na Murongo kwenye daraja la Kagera, na uulize mapema kama ofisa wa mifugo yupo zamu. Ndani ya gari mweke kwenye kizimba chenye hewa, si juu ya magunia juani wala ndani ya buti.

Hesabu yake

Mwisho wa yote, fanya hesabu kama unavyoifanya kwa mzigo. Upande mmoja andika: chanjo mara moja kwa mwaka, dawa ya minyoo mara nne, sabuni, dawa ya kupe, mukene wa jioni na nusu saa ya kutembea. Upande wa pili andika: gunia lililoibwa, dozi kamili ya chanjo kwa kila aliyeumwa, siku za biashara zilizopotea njiani kwenda hospitali, na jirani asiyekusalimu tena. Upande huo wa pili una mstari mmoja usioandikika kwa fedha, nao ni mtoto aliyefichwa jeraha lake hadi dalili zikaonekana.

Kama mbwa wako hana kadi, mtafute ofisa wa mifugo kabla ya soko lijalo. Na mwambie mwenye stoo ya pili naye afanye hivyo, kwa maana ukuta unaowatenganisha mbwa huuruka.